Mawimbi ya Rangi Katika Sabuni ya Nyumbani



Akina mama na mabinti, aliyezoea kutengeneza sabuni ya mafuta bila kuipika motoni hufika siku akatamani kuitia rangi, ili ikatwapo ionyeshe mawimbi. Nami nilitamani hivyo arusi ya mpwa wangu ilipokaribia, nikaahidi dazeni ya vipande. Kwa ajili ya harufu nikatia mafuta ya karafuu, na kabla sijashika kijiti uji wote ukaganda kama sima. Bibi arusi alipewa sabuni nzuri ya kuogea, lakini wimbi hata moja halikuwamo.

Karafuu na mdalasini, tunavyovipenda sana, huharakisha kuganda. Na mawimbi hayachoreki ila uji ukiwa mwepesi. Basi yaacheni manukato hayo siku ya rangi, mchague mafuta yanayokawia. Mimi hutumia gramu 700 za mafuta ya zeituni (ghali, nakiri) na gramu 300 za mafuta ya nazi, kwa gramu 141 za kostiki na gramu 300 za maji. Vyote vipimwe kwa mizani, wala si kwa kikombe. Ukibadili mafuta, kipimo cha kostiki nacho hubadilika.

Hapa nawasihi sana. Kostiki ndiyo imiminwayo polepole ndani ya maji baridi. Usimwage maji juu ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kurukia uso. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, na watoto wasiwepo jikoni kabisa. Sufuria zetu za alumini hazifai hata kidogo: kostiki huzila na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia chuma cha pua au plastiki nene inayohimili joto.

Maji ya kostiki na mafuta yakishakuwa vuguvugu, changanya na ukoroge. Simama pale tu michirizi ya mafuta inapotoweka, na tone lidondokalo kutoka kwenye mwiko linapoacha alama hafifu juu ya uji. Wengi huharibu hapa kwa kuendelea kukoroga.

Gawa uji mafungu matatu. Moja liache jeupe. La pili litie kijiko kidogo cha manjano, na la tatu unga laini wa makaa, kila rangi ikiwa imelainishwa kwanza kwa mafuta kidogo ili isifanye madonge. Bitiruti msihangaike nayo: wekundu wake hauvumilii kostiki, hugeuka kahawia.

Mimina kwa zamu ndani ya kalibu iliyotandikwa karatasi, mara kutoka juu ili rangi izame, mara karibu ili ielee. Kisha zamisha kijiti cha mshikaki hadi chini, ukipitishe kwa mizunguko michache tu. Ukinogewa ukazidisha, rangi zote huwa tope moja.

Funika, na baada ya siku moja au mbili, ikiwa imeshikana, ikate ukiwa bado na glavu. Vipande vipangwe penye hewa, mbali na jua lisije likafifisha manjano, kwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuogewa. Kwa hiyo mwenye arusi mwezi ujao aanze wiki hii.