Tripu ya Nyeri Ilituonyesha Nyumba ya Mzungu, Ikamruka Cucu

Nikiwa Form Two tulipelekwa tripu ya historia Nyeri mjini. Tukaona Paxtu, ile nyumba ndogo ndani ya Outspan ambapo Baden-Powell aliishi tangu 1938 hadi akafa Januari 1941. Tukaona na kaburi lake. Kwenye basi mwalimu akatuhadithia Treetops: Elizabeth alipanda juu ya mti Februari 1952 akiwa binti wa mfalme, akashuka malkia. Basi nzima, "woooi!"

Kwamba hiyo Treetops ilichomwa 1954, vita vya Mau Mau vikiendelea, hakusema. Na alikuwa mwalimu wa historia, jameni.

Jioni nikamweleza cucu yote. Akaniuliza, "Na Kangubiri wamewapeleka?" Nikamwambia cucu, hiyo si shule ya wasichana? Akacheka ile cheko yake ya kusikitika. Hapo ndipo palikuwa kambi ya Aguthi. Na Mweru High, huko pia palikuwa kambi. Watu walifungwa humo bila kesi, wakapigwa ili wakiri kiapo. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto walipohamishiwa kijiji cha lazima, kimezungukwa na mtaro wenye miti iliyochongwa, kutoka ni kwa saa za askari. Zaidi ya watu milioni moja walisukumwa kwenye vijiji kama hivyo kuanzia 1954. Milioni! Mimi nilijua kitanda cha malkia kilikuwa juu ya mti gani.

Najua mtakuja na "dropout atatufunza nini". Sawa, niliacha chuo mwaka wa pili. Lakini Waingereza wenyewe 2013 walikubali kulipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso ya kambi hizo. Sasa mbona walimu wetu ndio wanaona aibu kuyataja?

Na sisemi Paxtu ibomolewe. Yule mzee alikuja kufia mahali pazuri, poa. Nachokataa ni kuwalipisha wazazi wa hapa basi na chakula ili watoto wao wafunzwe kupenda fanicha ya mzungu, halafu basi lipite kando ya kambi bila hata kupunguza mwendo.

Cucu yangu anakaa karibu na shule ya msingi, unasikia kengele ukiwa jikoni kwake. Hakuna mwalimu amewahi kumwita darasani hata siku moja.