Mpaka Mamba Miamba, hukumu Same mjini

Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba aliyegombana na jirani yake juu ya mpaka, kabla ya 2021 aliweza kupata uamuzi huko huko mlimani, kwenye Baraza la Kata, ilimradi ardhi yenyewe haikuzidi thamani ya shilingi milioni 3. Mabadiliko ya sheria ya mwaka huo yaliliachia baraza hilo usuluhishi tu. Siku 30 zikipita bila mapatano, mdai anashuka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Same mjini. Rufaa ni Mahakama Kuu, Moshi.

Ni kweli mabaraza ya kata yalilalamikiwa, na si bure. Lakini hesabu ya mkulima ni nyingine: nauli ya kushuka na kupanda, chakula, mashahidi wawili watatu, halafu kesi inaahirishwa. Wakati huo kipande kinachogombaniwa hakilimwi. Wapo wanaoamua kukiacha, na jirani mwenye fedha anajua hivyo.

Mahakama inayotembea ilianza 2019, Dar es Salaam na Mwanza. Baraza la Wilaya nalo lipande mlimani walau mara moja kwa mwezi, lione mipaka kwa macho. Ila isiwe siku ya gulio.