Andiko si Hirizi

Hirizi hufungwa shingoni au mkononi na mtu asiyejua kilichoandikwa ndani yake. Haisomwi, huvaliwa tu. Mwenye kuivaa haulizwi kama ameielewa, wala hatakiwi kuugeuza mwenendo wake. Yatosha aamini kuwa anayo. Sisi Wakristo huicheka desturi hiyo. Lakini kabla hujacheka, ewe msomaji, hebu zitazame kadi ambazo jamaa na marafiki humpelekea mwanafunzi wakimtakia heri katika mtihani wa mwisho wa kidato cha nne.

Katika nyingi ya kadi hizo umechapwa mstari mmoja wa Waraka wa Paulo kwa Wafilipi, sura ya 4, mstari wa 13, ambapo mtume asema kwamba Kristo humpa nguvu za kuyakabili yote. Mstari huo hunakiliwa juu ya majalada ya madaftari, hutumwa kwa simu, hata hukaririwa mlangoni mwa chumba cha mtihani. Sina ugomvi na mstari wenyewe. Ugomvi wangu ni na matumizi yake. Tumeung'oa mahali pake kama mtu ang'oaye ua bila mizizi, kisha twashangaa kuona limenyauka siku matokeo yatokapo mabaya. Hapo mwanafunzi husema kwamba Mungu amemdanganya. La, hakudanganywa na Mungu. Alidanganywa na kadi.

Soma mistari miwili inayotangulia. Paulo asema amejifunza kuridhika na hali yoyote: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Basi hayo yote ayawezayo si ushindi peke yake. Njaa nayo imo. Mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, akaketi chini ya mwembe na kitabu chake asikate tamaa, yu karibu zaidi na maana ya mstari huo kuliko yule aliyekuwa wa kwanza darasani.

Tena kumbuka ni nani aliyeandika, na alikuwa wapi. Paulo aliandika waraka huo akiwa katika minyororo. Aliowaandikia waliijua habari yake, kwa maana katika mji wao wa Filipi yeye na Sila walipigwa kwa fimbo, wakatiwa gerezani, na miguu yao ikafungwa kwa mkatale. Usiku wa manane waliimba. Angalia sana mpango wa kisa hicho katika Matendo ya Mitume, sura ya 16: waliimba kabla ya tetemeko la nchi kuifungua milango, wala hawakungoja ifunguliwe ndipo washukuru.

Na shukrani yenyewe ilikuwaje? Haikuwa maneno ya hewani. Wafilipi walimpelekea msaada kwa mkono wa Epafrodito, naye katika kazi hiyo aliugua karibu na kufa. Paulo alimshukuru Mungu, tena akawashukuru watu. Wewe wamshukuru Mungu kwa sauti kuu katika ibada ya asubuhi. Je, umepata kumshukuru mpishi aamkaye alfajiri kukukorogea uji? Umemwandikia barua mama yako auzaye mboga sokoni ili usome?

Amani nayo i katika sura hiyo hiyo ya 4. Wengi huijua ahadi ya amani ipitayo akili za wanadamu, lakini ni wachache wakumbukao kwamba sura hiyo yaanza na ugomvi. Paulo awasihi wanawake wawili, Euodia na Sintike, wapatane. Basi yeye aombaye amani ya moyoni, na huku hasemi na mwenzake walalaye bweni moja, ameanza kusoma mahali pasipo mwanzo.

Mfano wa pili ni Yeremia, sura ya 29, mstari wa 11, ambao nao hupendwa sana na wachapaji wa kadi kwa kuwa waahidi mema ya siku zijazo. Wayahudi walikuwa wamehamishwa Babeli. Nabii wa uongo, Hanania, aliwaambia watu kwamba nira ya Babeli itavunjwa katika miaka 2. Yeremia aliwaandikia kwamba ni miaka 70, tena akawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, na kuuombea heri mji ule uliowateka. Sisi tumeuchukua mstari wa Yeremia, tukausoma kana kwamba umeandikwa na Hanania!

Najua wako watakaosema: mtu mwenye huzuni hawezi kusoma sura nzima, mwache apate faraja kwa mstari mmoja. Ni kweli kwamba mstari mmoja waweza kumwinua mtu aliyeanguka. Lakini humwinua yule anayejua umetoka wapi. Faraja isiyozijua taabu za mwandishi haiwezi kuzijua taabu za msomaji. Wahenga walisema baada ya dhiki faraja. Hawakusema badala ya dhiki.

Hata kuandikwa kwa Maandiko katika lugha yetu kwatufundisha hivyo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo homa ilimwua mkewe, Rosina, na mtoto wao mchanga naye akafa. Mwaka huo huo pia ndipo Krapf alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kazi iliyoanzwa karibu na makaburi namna hiyo haistahili kukatwakatwa vipande vya kupambia kadi.

Waraka kwa Wafilipi una sura 4 tu; waweza kuusoma wote kwa muda mfupi kuliko kipindi kimoja cha darasani. Usome jioni ya leo, tangu salamu za kwanza hata za mwisho. Kisha nenda ukapatane na mwenzako, ukamshukuru mpishi, ukarudi kwenye hesabu zako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hirizi humtaka mtu aivae. Andiko humtaka alisome na kulitenda.