Haki ya Mtoto Si Sadaka



Naomba nafasi kidogo nijibu neno nilisikialo mara kwa mara juu ya ndugu zetu waliotoka makambi ya wakimbizi ya Kigoma wakaenda kukaa Australia. Husemwa, "Mtu mwenye heshima haombi fedha za serikali, akipewa apokee, asipopewa anyamaze." Neno hili lina sura ya adabu, lakini ndani yake mna hasara ya watoto.

Na tutazame sheria ya huko. Wazazi wenye mapato ya kadiri hupewa fedha za kulea watoto, kwa kawaida kila majuma mawili, kwa kufuata mapato aliyokadiria mzazi mwenyewe. Mwaka wa hesabu hukoma tarehe 30 Juni. Baada ya hapo mapato ya kweli hulinganishwa na makadirio, ndipo hutolewa nyongeza: moja kwa kila mtoto, nyingine kwa nyumba nzima. Ile ya kila mtoto, tangu 1 Julai 2016, haiwafikii wenye mapato yanayozidi dola 80,000 kwa mwaka.

Basi nyongeza hii haimjii anyamazaye. Sharti apeleke hesabu yake ya kodi. Na asiyepaswa kuipeleka, sharti aseme kwamba hapaswi. Muhula ni mwaka mmoja tu. Mapato ya mwaka uliokoma 30 Juni 2024 yalipasa kuthibitishwa kabla ya 30 Juni 2025 kupita. Achelewaye bila sababu kubwa hukosa nyongeza. Tena aweza kudaiwa arudishe hata fedha alizokwisha kuzitumia.

Je, hiyo ndiyo heshima? Mimi nasema ni uvivu uliovikwa joho la adabu. Watu hao hao hukatwa kodi katika mshahara wao wala hawaoni haya; lakini wakiambiwa waandike kwa ajili ya watoto wao, huona haya! Kudai kilichowekwa na sheria si kuombaomba.

Wala serikali siisifu kwa yote. Inazo habari za mishahara ya watu wengi, lakini humwachia mama asiyejua Kiingereza vema autafute mlango mwenyewe. Hata hivyo wakalimani wapo, wala mwombaji hawalipi kitu. Na amwombe mmoja. Mtoto hawezi kungoja mpaka sheria itengenezwe.

Ninyi mlio na jamaa huko, waandikieni leo mkawaulize, "Mmekwisha peleka hesabu?" Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa tumbo liumialo ni la mtoto.