Wingi wa Waliofungua Si Wingi wa Wasomaji

Siku hizi mwandishi akiulizwa kazi yake inaendaje, hutaja idadi: waliofungua, waliopenda, waliosambaza. Imeshakuwa itikadi kwamba andiko lililofanikiwa ni lile lililowafikia wengi. Itikadi hii ni potofu, na inatuharibia uandishi. Kwanza, hesabu yenyewe haihesabu usomaji. Facebook ilikuwa ikihesabu video kuwa imetazamwa ikishacheza kwa sekunde 3 tu, na mwaka 2016 kampuni hiyo ilikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama iliowapa watangazaji ulikuwa umezidishwa. Ndani ya sekunde 3 Mswahili hajamaliza hata kuitikia salamu, sembuse kubadili msimamo. Hapo ndipo vinapozaliwa vile vichwa vya "Utashangaa!", ambavyo vikishafunguliwa havina neno ndani.

Pili, athari haifuati idadi. Tazama Sauti ya TANU. Zilikuwa karatasi chache za chama, zilizorudufiwa kwa stensili na wino, ilhali gazeti la Tanganyika Standard lilikuwa na mitambo ya chapa tangu 1930. Kwa ukubwa hazikuwa kitu. Lakini mwaka 1958 makala ya Nyerere katika karatasi hizo, iliyowashutumu mabwana shauri wawili, ndiyo iliyomfikisha kizimbani. Akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Wakoloni hawakujali mtambo. Walijali nani anasoma, na akishasoma anakwenda kufanya nini. Mombasa nako, mwaka 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti la Sahifa, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, kwa hiyo tangu mwanzo wasomaji wake walikuwa wale waliopitia chuoni, yaani madrasa. Haikudumu. Hata Al-Islah iliyoifuata mwaka 1932 ilikwenda kama mwaka mmoja tu. Mwenye kupima kwa idadi angeandika tanzia. Ila makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu, Uwongozi, na mwaka 2017 zikachapishwa upya Leiden, Kiswahili na Kiingereza bega kwa bega, kwa sababu hoja zake juu ya elimu na mwenendo wa Waswahili bado zina wa kuzijadili.

Nitaambiwa kwamba andiko lisilosomwa ni bubu, na kwamba karatasi, umeme na mishahara hulipwa na matangazo, nayo matangazo hufuata wingi. Ni kweli, na sidharau riziki ya mtu. Lakini hesabu ya duka ni hesabu ya duka: inaeleza kilichouzwa, haielezi kilichomfaa mnunuzi. Wengine watasema athari haipimiki. Hupimika, ila kwa jasho: nani aliandika kujibu, nani alirudi kuuliza, ofisi gani ililazimika kujieleza. Basi, mhariri, kabla hujamuuliza mwandishi wako wamefungua wangapi, muulize nani amemjibu.