Lugha isiyolipa mshahara

Hebu fikiria lugha ambayo ukipanda basi tu kutoka kijijini, umeiacha nyuma. Ndiyo hali ya Wamatlatzinca wa Meksiko. Zamani bonde la Toluca lilikuwa lao, hadi Waazteki walipowashinda katika miaka ya 1470. Hata jina hilo, linalohusu nyavu, waliitwa kwa lugha ya Waazteki. Leo Kimatlatzinca kimebaki San Francisco Oxtotilpan, na wasemaji ni kama 1,000 hivi.

Na si lugha ya kubezwa. Ina umbo lake maalum la kuzungumzia watu wawili, mbali na umoja na wingi. Kiswahili chetu hakina hilo!

Sheria ipo: mwaka 2003 Meksiko ilizitambua lugha za asili kuwa za kitaifa, kama Kihispania. Lakini kijana akienda kusaka kazi Toluca, nani atamhoji kwa Kimatlatzinca? Ndiyo maana sikubaliani na wanaowalaumu vijana eti wanaionea haya lugha yao. Wanatafuta unga. Serikali iache kuridhika na sherehe; iwaajiri wasemaji hao hao kama walimu, wauguzi na makarani papo hapo kijijini, na iwalipe vizuri.