Usiikate pini ya ardhi: kompyuta yako na amplifaya ya zamani

Watu wakishajua kwamba mimi ni mwandishi wa programu, swali hili halikosi: "Nyimbo zimejaa kwenye kompyuta, na pale sebuleni kuna amplifaya nzuri ya mzee imekaa bure. Nifanyeje?" Jibu fupi ni waya mmoja wa shilingi mia chache. Jibu refu ni hili hapa, maana nimechoka kuona watu wakiuziwa vitu wasivyohitaji, na kinachoniogopesha zaidi ni yale wanayoyafanya wakishasikia mngurumo kwenye spika.

Waya wenyewe kwanza. Upande mmoja una jeki ya milimita 3.5, ile ile ya hedifoni. Upande wa pili una vichwa viwili vya RCA, chekundu cha kulia na cheupe cha kushoto. Chomeka nyuma ya amplifaya palipoandikwa AUX, CD au TUNER. Usihangaishwe na hayo majina, kazi yake ni moja. Pa kuepuka ni PHONO. Hapo pametengenezewa sindano ya santuri, ambayo hutoa milivolti 5 hivi tu, kwa hiyo saketi ya ndani huikuza sauti hiyo mara nyingi sana, tena huinua besi na kushusha sauti nyembamba kwa kufuata kanuni ya RIAA ya mwaka 1954. Kompyuta nayo hutoa kiasi cha volti 1. Ukiipitisha hapo utapata mkoromo mtupu, halafu utailaumu kompyuta bure.

Kwa wengi mambo huishia hapo na muziki unacheza. Wengine ndio husikia mmmmmm isiyokwisha, hata wimbo ukiwa umesimamishwa.

Mngurumo huo mara nyingi ni umeme wa nyumba. Stima yetu ni volti 240, mawimbi 50 kwa sekunde, na hiyo 50 pamoja na ndugu zake 100 na 150 ndiyo unayoisikia. Kompyuta ya mezani imeunganishwa na ardhi kupitia plagi ya pini tatu. Amplifaya nayo hufika ardhini kwa njia nyingine, labda kwa plagi yake, labda kwa waya wa antena ya runinga. Sasa kuna njia mbili za kwenda ardhini, na waya wako wa RCA umezifunga zikawa duara. Umeme kidogo huzunguka humo, na amplifaya haina namna ya kuutofautisha na gitaa la besi. Inaukuza tu.

Hapa ndipo utakutana na mjuaji atakayekuambia ukate pini ya ardhi, au ufungue plagi uuondoe ule waya wa kijani na manjano. Na kweli, mngurumo unaweza kukoma! Ndiyo maana ushauri huo hauishi. Lakini waya ule upo kwa ajili ya siku ambayo waya wa moto utachomoka ndani ya mashine na kugusa bati. Ukiwepo, fyuzi inakatika na kazi imekwisha. Usipokuwepo, bati lote linakaa na volti 240 likimsubiri mtu. Tena waya wa RCA umeyaunganisha mabati ya mashine mbili, kwa hiyo hatari ya kompyuta inaweza kufika hadi kwenye kitufe cha sauti cha amplifaya, ambacho mtoto hukishika kila siku. Sisi tayari tuna mazoea mabaya ya kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Tusiongeze hili.

Fanya hivi badala yake. Kama ni laptopu, chomoa chaja uitumie kwa betri. Kelele ikikoma, umeshajua mkosaji. Chomeka mashine zote mbili kwenye ekstensheni moja usikilize tena. Kisha chomoa waya wa antena kutoka kwa amplifaya au runinga iliyounganishwa nayo. Wengi humkamata mwizi hapo. Ikishindikana, kuna kijisanduku chenye transfoma ndogo ambacho hukaa katikati ya waya wa RCA na kupitisha muziki bila kuunganisha shaba na shaba. Vya bei rahisi hula besi kidogo, lakini ni afadhali kuliko mazishi. Kama kompyuta yako ina tundu la mwanga, la aina ya TOSLINK iliyoletwa na Toshiba mwaka 1983, basi umebahatika kabisa, kwa kuwa mwanga hauna habari na ardhi.

Upande wa pili wa mwanga huo panahitajika kigeuzi, yaani DAC, cha kurudisha namba kuwa sauti. Vipo pia vya USB, na hapa ndipo ningeweka pesa kama tundu la hedifoni la kompyuta lina kelele za kukwaruza kila unaposogeza mausi. Si pesa nyingi. Ile adapta ndogo ya Apple ya USB-C, inayouzwa dola 9 Marekani, ni DAC kamili na inafanya kazi vizuri kuliko umbo lake.

Muuzaji akikuonyesha kebo ya USB ya bei ya mbuzi na kusema "inalainisha sauti", mwache hapo hapo. Kwenye kebo hiyo zinapita namba. Zikipotea utasikia kukatika na kupasuka, wala si besi iliyopungua utamu. Pesa hiyo tafutia spika.

Jambo ambalo kwa kweli hubadilisha namba ni programu. CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, lakini kompyuta nyingi zimewekwa 48,000, kwa hiyo mfumo unakokotoa upya kila wimbo kwa uwiano wa 160 kwa 147. Siku hizi hesabu hiyo hufanywa vizuri, na sidhani wengi wetu tungeitambua masikioni. Mimi bado huiondoa, kwa sababu kama programa naona uchungu kuona hesabu ikifanywa bure. Kwenye Windows tafuta kichezaji chenye WASAPI ya peke yake. Kwenye Linux ipeleke sauti moja kwa moja kwa ALSA.

Mwisho ni kitufe. Ukitumia DAC, weka sauti ya kompyuta juu kabisa, kisha pandisha na kushusha kwa amplifaya, maana kila unaposhusha desibeli 6 ndani ya programu ya biti 16 unatupa biti moja. Kwa tundu la kawaida la hedifoni rudisha nyuma kidogo likianza kukwaruza. Na kabla ya kuchomeka au kuchomoa chochote, amplifaya iwe imezimwa. Spika za mzee hazina spea Luthuli Avenue.